Bubu, Kibubu na Shemeji

Kwenye kompyuta ya pili, ile iliyong'oka kitufe cha N,
nimeweka vivinjari vitatu, kila kimoja na jina nililokipa mwenyewe.

Shemeji ni mchangamfu.
Hujabisha hodi, ameshafungua.
Ukiandika "ma" anamalizia "matokeo darasa la saba".
Umeme wa Kirumba ukikatika na kurudi
anauliza: nikurudishie kurasa zako?
Naye huzirudisha kweli,
hata zile ulizotaka zife na giza.

Kibubu ni wa wenye bando la kupimia.
Anaminya picha hadi sura ya bibi harusi
inakuwa kama dagaa aliyekanyagwa.
Lakini barua zako huzipitisha kwanza kwa mjomba wake, mbali huko,
azikunje vizuri ndipo azilete.
Anayekunja barua, hasomi?

Bubu hana neno.
Ukimfunga, amesahau.
Ukimfungua, anakutazama kama abiria
aliyeshuka sasa hivi kwenye kivuko cha Kamanga.
Ila mpeleke kwenye fomu ya mkopo wa chuo:
kiduara kinazunguka, kinazunguka,
"wasilisha" haibonyezeki,
mwisho ni leo saa sita usiku
na foleni imefika kwa fundi viatu.

Kwa hiyo nilimpenda Shemeji. Nani angenilaumu?

Kisha akaja Nkwimba, mwanika dagaa wa Mwaloni,
magamba bado yanameta kwenye kucha.
Aliuliza kwa sauti ya chini kama kiti hicho kina mtu.
Alisoma nusu saa kuhusu uvimbe kwenye titi,
akalipa mia tano, akaenda zake.
Kiti hakijapoa, akakikalia Bahebe, mdogo wa mumewe,
akitafuta bei ya injini ya boti.
Injini zikaja. Na pembeni, kwenye kisanduku cha waridi:
*Una wasiwasi na titi lako? Bonyeza hapa.*
Bahebe alicheka. "Nani humu anaumwa?"
Nikasema ni takataka za mtandao.
Uongo ulitoka haraka. Usingizi ndio haukuja.

Neno hili, kuvinjari, nililisikia kwanza kwa baba:
boti ya doria ikivinjari usiku upande wa Saanane,
taa yake ikipekua maji, ikitafuta nyavu haramu.
Aliyevinjari ndiye aliyeshika taa.
Basi mimi na wateja wangu, mbele ya kioo hiki,
tunavinjari, au tunavinjariwa?

Siku hizi mteja akiingia nasema:
usiniambie unatafuta nini, niambie tu kama ni siri.
Siri inakwenda kwa Bubu.
Fomu za serikali, kwa Shemeji, maana hakwami;
akiondoka mtu nafuta historia, nafuta vidakuzi,
kama ninavyosugua ubao baada ya kupaa sato.
Usiku wa Jumapili, bando likiwa rahisi,
nawasasisha wote watatu,
kwani mwizi hamuulizi mlinzi kama ni mpole, hupima komeo.
Na lile kufuli dogo juu, kando ya anwani,
nimechoka kulieleza:
linasema bahasha imefungwa,
halisemi anayeipokea ni mtu mwema.
Mwalimu Bugingo alilitazama, akaridhika,
akampa tapeli namba yake ya siri.

Nkwimba alirudi baada ya mwezi.
Hakusema habari za hospitali, sikuuliza.
"Yule asiyesema yupo?"
Nikageuza kioo kikatazama ukuta.

Alikuwa amefika katikati ya ukurasa
umeme ulipokatika.
Ulirudi baada ya dakika kumi, na Bubu,
kama kawaida yake, hakumkumbuka.
Nikataka kuomba radhi.
Yeye alishaanza upya, herufi moja moja,
na kila ilipofika zamu ya N
alichomeka ncha ya kalamu kwenye kile kitundu.